KIELELEZO KIMOJA, SIMU NYINGI: Historia Fupi ya Lugha za Kuundia Programu za Biashara

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi wataalamu wa kompyuta walivyofikia wazo la kuiandika programu ya biashara mara moja tu, kisha kuifanya itumike katika simu za namna mbalimbali. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lahusiana vipi na jarida la lugha? Jawabu ni kwamba tangu mwanzo lilikuwa ni jambo la lugha: nani aseme na mashine, na aseme kwa maneno ya nani.

I

Kompyuta za kwanza hazikuwa na usemi mmoja. Kila aina ilikuwa na amri zake za tarakimu, na programu iliyoandikiwa mashine hii haikufaa kitu katika mashine ile. Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM walitoa FORTRAN, ambayo kwayo mtu aliandika hesabu zake kwa mfano wa kanuni za aljebra, na programu nyingine ikazifasiri ziwe amri za mashine. Lakini hiyo ilikuwa lugha ya wanasayansi. Aliyewapigania watu wa biashara ni Grace Hopper wa Marekani, aliyeshikilia kwamba mwenye kutunza daftari za mishahara asilazimishwe kuandika kwa alama za hisabati, bali aandike kwa maneno. Lugha yake, FLOW-MATIC, ilikuwa msingi mkubwa wa COBOL, iliyobuniwa na kamati mwaka 1959. Mwezi wa Desemba 1960 programu moja ya COBOL, karibu bila mabadiliko, iliendeshwa katika mashine mbili za makampuni mbalimbali, moja ya RCA na moja ya Remington Rand.

Kipo kisa ambacho Hopper mwenyewe alikisimulia. Alipotaka kuwaridhisha wakubwa wake, aliwaonyesha programu ndogo iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kisha programu ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Wakubwa wakashtuka: mashine iliyotengenezwa Marekani itajuaje Kifaransa au Kijerumani? Hawakutambua kwamba haikujua hata Kiingereza. Kwa mashine neno ni alama tu. Maana yake yatoka kwa mwenye kulifasiri.

II

Hatua ya pili ilikuwa kuinua maelezo juu zaidi. Mwaka 2001 shirika la Object Management Group, ambalo miaka minne nyuma lilikwisha pitisha UML, yaani lugha ya michoro ya kuelezea programu, lilitangaza utaratibu wa kutenga mambo mawili. Kwanza huandikwa kielelezo kisichotaja mashine yoyote. Kisha kielelezo hicho hugeuzwa, kwa kanuni zilizowekwa, kikafuata desturi za mashine fulani.

Mwenye kukijua Kiswahili hatapata tabu kulifahamu jambo hili. Mzizi wa sifa -refu hausemwi peke yake. Tukiupeleka kwa mtu twapata mrefu, kwa kiti twapata kirefu, na kwa nyumba twapata ndefu. Maana ni moja, sura ni tatu, na zote zatoka katika kanuni zijulikanazo. Tena neno ndefu latufundisha kwamba kanuni nyepesi haitoshi, maana r imegeuka d baada ya n. Ndivyo ilivyo kwa programu ya kuzalisha: haina budi kujua kaida za kila mahali iendako, pamoja na mambo yake ya pekee.

III

Haja ya maarifa haya ilizidi zilipokuja simu za kisasa. iPhone ilianza kuuzwa mwaka 2007, na mwaka 2008 duka lake la programu likafunguliwa. Mwaka huo huo ikatoka simu ya kwanza ya Android. Za kwanza ziliandikiwa programu kwa Objective-C, za pili kwa Java. Mwenye biashara aliyetaka kuwafikia wateja wa pande zote mbili alilazimika kuilipia kazi moja mara mbili, na kila kosa kusahihishwa mara mbili.

Katika Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, Henning Heitkötter, Tim A. Majchrzak na Herbert Kuchen walibuni lugha iitwayo MD2, wakaieleza katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Coimbra, Ureno, mwaka 2013. Hawakudai kwamba lugha yao ingefaa kwa michezo au kwa kila programu. Waliikusudia kwa shughuli za biashara zitumiazo taarifa: kujaza fomu, kuhifadhi, kutafuta, kupitisha hati hatua kwa hatua. Mwandishi hueleza sehemu tatu: taarifa zilizopo, sura zitakazoonekana katika kioo, na mwenendo wa kazi. Kutokana na maelezo hayo huzalishwa programu halisi ya Android, halisi ya iPhone, na ya kompyuta kuu iwekayo taarifa.

Baadaye, katika chuo hicho hicho, Christoph Rieger alibuni MAML, lugha ya michoro iliyokusudiwa kufahamika hata na mtu asiyejua kuandika programu. Mchoro wake hugeuzwa kwanza kuwa MD2, ndipo programu izaliwe. Hapa twakutana tena na shauri la Hopper: mwenye kazi aieleze kazi yake mwenyewe.

IV

Faida yaonekana wazi. Mwaka 2014 Apple ilileta lugha mpya ya Swift, na mwaka 2017 Google ikaikubali rasmi Kotlin kwa Android. Mwenye kielelezo hana haja ya kukibadilisha kwa ajili hiyo. Programu ya kuzalisha ndiyo ipasayo kufundishwa upya. Lakini nani ataifundisha, ikiwa waliobuni wamekwisha kwenda kwenye kazi nyingine? Lugha isiyo na wasemaji hufa, hata kama sarufi yake ni njema.

Liko na jambo zito zaidi. Kielelezo hakisemi ila kile ambacho maneno yake yaruhusu. Mfanyabiashara wa kwetu atofautisha kukopa fedha na kuchukua mali kauli, yaani bidhaa apewazo kwa neno lake, azilipe baada ya kuziuza. Aliyebuni kielelezo akiwa na neno moja tu la deni, yote mawili yatakuwa kitu kimoja katika kila simu itakayozaliwa humo, na muuzaji atahesabiwa mdaiwa kabla hajauza hata kibaba kimoja. Kosa lililoandikwa mara moja litasambaa kote kwa usahihi ule ule.

MD2 ilizaliwa Ujerumani, na maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza. Siyo aibu, lakini Hopper alikwisha onyesha kwamba si lazima. Kazi ya kuyakusanya maneno ya maduka, bandari na masoko yetu, na kuyapambanua maana zake, ni ya wanafunzi wa lugha, wala haiwezi kungoja mpaka vielelezo viwe vimekwisha kuandikwa na wengine.