Yoga Ilitoka Wapi, na Anayeanza Aanzie Wapi?

Leo tandika mkeka karibu na redio, maana mwishoni tutauhitaji.

Mada ya leo ilianzia kwenye benchi la zahanati. Mama mmoja mkaanga samaki, wale tunaowaita mama karanga, alikuja akilalamika kiuno. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameinama juu ya karai la mafuta, na kila jioni hubeba beseni hadi sokoni. Binti yake hufanya usafi katika hoteli moja ya ufukweni, na huko huwaona wageni asubuhi wakijinyoosha juu ya vigodoro vyembamba. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hiyo yoga yaweza kunisaidia? Au ni dini ya Kihindi? Na mimi nitajikunjaje kama wale?"

Hayo ni maswali matatu, na yote ni mazuri. Kuyajibu, sharti kwanza turudi nyuma.

INDIA SI NGENI KWETU

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Alizikuta hapa merikebu nne za watu kutoka India. Shajara ya safari ile inawaeleza kuwa ni watu wenye ndevu ndefu na nywele ndefu zilizosukwa, na kwamba hawakula nyama ya ng'ombe. Wareno walidhani ni Wakristo, kumbe walikuwa Wahindu. Hata rubani aliyewavusha Wareno hadi Calicut alipatikana hapa hapa, kwa msaada wa mfalme wa Malindi. Baadaye, kati ya 1896 na 1901, zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa, na baadhi yao walibaki nchini.

Sisemi kwamba mabaharia wale walitandika mikeka ufukweni wakafanya yoga. Nasema kwamba bahari yetu imeleta mengi kutoka upande ule. Chapati, bajia na achari zina asili ya huko, na hakuna anayedhani kwamba kula chapati ni kubadili dini. Tumekuwa watu wa kuchagua: tunapokea kinachotufaa, na kisichotufaa tunakiacha kwenye merikebu.

YOGA YA KALE ILIKUWA YA KUKAA

Neno yoga ni la lugha ya Kisanskriti, nalo lahusiana na kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Kitabu chake mashuhuri ni kile kinachohusishwa na Patanjali, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kina mafungu mafupi yasiyofika 200. Je, mangapi kati ya hayo yanazungumzia mkao wa mwili? Ni matatu tu! Na yanafundisha kwamba mkao uwe imara na wa starehe. Mengine yanahusu tabia njema, pumzi na utulivu wa moyo.

Katika karne ya 15, karne ile ile ya Vasco da Gama, kiliandikwa kitabu kingine kiitwacho Hatha Yoga Pradipika. Hicho kinaeleza mikao 15, na mingi ni ya kukaa chini.

Basi ile mikao ya kusimama kwa kichwa na kupinda kama upinde ilienea vipi? Mengi yalitokea juzi juzi tu. Katika miaka ya 1930, mwalimu Krishnamacharya alifundisha yoga katika jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana wenye nguvu, na ni wakati ambapo mazoezi ya viungo ya Kizungu yalikuwa yameenea India. Mambo yakachanganyika. Mwanafunzi wake mmoja, B.K.S. Iyengar, aliandika kitabu mwaka 1966 chenye mikao takriban 200 na picha nyingi, kikasambaa duniani. Kutoka mikao 15 hadi 200!

Lakini sikiliza habari za huyo Iyengar. Alizaliwa 1918, mwaka wa homa kali ya mafua iliyoua mamilioni. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alianza yoga akiwa kijana dhaifu, mwenye mwili mkavu usiokunjika. Pengine ndiyo sababu baadaye aliwafundisha wagonjwa na wazee kutumia viti, mito, kamba na vipande vya mbao, ili mwili usilazimishwe. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95.

Kwa hiyo, mama yangu wa samaki, jibu la swali lako la tatu ni hili: hutakiwi kujikunja kama wale. Anayeanza huanza kwa kukaa na kupumua, na hapo ndipo watu wa kale walipoanzia.

JE, NI DINI?

Hapa nitasema ukweli bila kuficha. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na wako wanaoifanya kama ibada hadi leo. Viongozi wa dini wameliangalia jambo hili. Mwaka 1989 Vatican iliwaandikia maaskofu kuwatahadharisha kuhusu kuchanganya sala ya Kikristo na njia za namna hiyo. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilitangaza kuwa yoga yenye nyimbo za ibada hairuhusiwi kwa Waislamu, na siku chache baadaye waziri mkuu wa huko akafafanua kwamba mazoezi ya mwili peke yake, bila nyimbo hizo, hayana neno. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo.

Mimi ni muuguzi, si shehe wala mchungaji. Ukiwa na shaka, muulize kiongozi wako wa dini. Ninachojua ni kwamba kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi havihitaji wimbo wala sanamu. Unaweza kuviita mazoezi ya mgongo, na kiuno chako hakitajua tofauti.

ILIVYOFIKA KWA MAJIRANI ZETU

Kwetu Malindi, Watamu na Kilifi, wengi tuliiona yoga kwa mara ya kwanza kwa watalii. Ndiyo maana tukaiona ni mambo ya wenye pesa. Lakini Nairobi, mwaka 2007, ulianzishwa mradi uitwao Africa Yoga Project, ambao uliwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini wawe walimu, wakafundisha majirani zao bila malipo. Tarehe 11 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015.

INASAIDIA NINI, NA HAISAIDII NINI?

Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha nafuu ipo, ila ni ya kiasi, wala si miujiza.

Na hapa nataka masikio yenu yote. Mzee mmoja alianza mazoezi ya kupumua, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge vya presha. Baada ya wiki tatu alikuja kupimwa: 190 kwa 110. Alikuwa amebakiza hatua moja afike kwenye kiharusi, na mwenyewe hakusikia chochote! Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na wengi hawajui. Mazoezi hutembea pamoja na dawa, hayachukui nafasi yake.

Tena, si kila kiuno ni cha mkeka. Njoo hospitali kwanza ikiwa umeanguka, kama mgema aliyeteleza mnazini. Ikiwa una homa, jasho la usiku au unakonda, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Ikiwa miguu inakufa ganzi. Au ikiwa mkojo na choo havizuiliki. Mama mjamzito na mwenye presha au maradhi ya macho aulize kwanza, na asiinue miguu juu ya kichwa.

SASA TANDIKA MKEKA

Chagua asubuhi kabla ya jua kali, au jioni. Tumbo lisiwe limejaa. Vaa nguo isiyobana, au dera na leso.

1. Kaa juu ya mto au kibao, mgongo wima. Vuta pumzi kwa pua pole pole, itoe pole pole zaidi. Fanya mara kumi. Usiizuie pumzi.

2. Piga magoti na uweke viganja chini, kama mtoto atambaaye. Ukitoa pumzi, inua mgongo kama paka aliyekasirika. Ukivuta, ushushe taratibu. Mara nane.

3. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Inua nyonga kidogo, hesabu hadi tatu, shusha. Mara sita.

4. Lala kimya dakika tatu. Usiruke hatua hii.

Mvuto wa misuli ni sawa. Maumivu makali, au yanayoshuka mguuni, ni ishara ya kuacha. Dakika kumi na tano kila siku zashinda saa nzima ya siku moja kwa mwezi.

Yule mama alifanya hivyo jikoni kwake kwa miezi miwili, na pia tulimshauri ainue jiko lake juu ya matofali asiiname sana. Aliporudi aliniambia kiuno bado humkumbusha siku za samaki wengi, lakini usiku analala. Kwa mtu ambaye hakuwa akilala, hilo si dogo.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi naongeza: ainame pole pole, na ainuke salama.