Nani Abangue Korosho? Hoja ya Kazi na Uchaguzi katika Ruangwa na Nachingwea

Neno "kubangua" lina maana nyepesi: kuvunja ganda la korosho ili kupata kiini chake. Lakini katika nchi ya kusini ya Tanzania, tangu Nachingwea hata Ruangwa na Mbekenyera, limekuwa neno la siasa. Korosho nyingi za huko huuzwa zikiwa ghafi, hupakiwa melini, na kazi ya kubangua hufanywa India na Vietnam. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, katika majira ya uchaguzi vyama hubishana ni nani aliyeitoa kazi hiyo nje. Na kwa kuwa uchaguzi mkuu hufanyika Oktoba, mwezi ambao mavuno huanza, hoja hiyo humkuta mkulima akiwa na magunia mlangoni.

Mkorosho si mti wa asili wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, na jina "mkanju" lingali na athari ya Kireno. Wakati wa utawala wa Waingereza, korosho za Jimbo la Kusini zilipelekwa India, ambako wanawake wengi walikuwa na ustadi wa kubangua na ujira wao ulikuwa mdogo. Yaani, kazi hii haikuanza kwa kutolewa nje. Ilikuwa nje tangu mwanzo, na kazi ya taifa huru ilikuwa kuileta nyumbani.

Jambo hilo lilijaribiwa. Kiwanda kilijengwa Dar es Salaam mwaka 1965, na katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, viwanda vikafikia 12, kimojawapo Nachingwea, vyenye uwezo wa kubangua tani 113,000 kwa mwaka. Lakini mavuno, yaliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka hata kuwa kama tani 16,500 mwaka 1986/87. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao; bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ukaenea. Viwanda vikafungwa kwa kukosa korosho. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi vikageuzwa maghala.

Hapo ndipo hoja za vyama zilipopata chakula. Wapinzani walishika kuuzwa kwa viwanda. CCM ikashika ahadi ya kuvijenga upya, na mwaka 2015 John Magufuli aliahidi nchi ya viwanda. Mwaka huo CUF ilishinda Liwale, Tandahimba na Mtwara Mjini. Ruangwa ilibaki kwa Kassim Majaliwa wa CCM, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu baada ya uchaguzi huo. Na mwaka 2020 alipita bila kupingwa, hata hoja hiyo haikupata kupimwa kwa kura katika jimbo lake.

Lakini pande zote mbili zilipitia kando ya jambo moja zito. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kiasi kinachozidi, uliwekwa ili kuvutia ubanguaji nchini. Mnunuzi hakuulipa kutoka mfukoni mwake tu. Aliupunguza katika bei anayompa mkulima. Kwa hiyo, kumtetea mbanguaji kwa njia hiyo ni kumtoza mkulima. Mwaka 2018 bei za mnada ziliposhuka, wakulima wakakataa kuuza, serikali ikaamuru shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kukusanya korosho, ili zibanguliwe nchini. Uwezo wa kubangua haukutosha, na nyingi katika hizo zikauzwa zikiwa ghafi.

Mkulima na mbanguaji si watu wawili wa mbali. Katika nyumba moja ya Mbekenyera, baba aweza kuutaka mnada upande, na binti yake akataka kiwanda kifunguliwe. Mwanasiasa anayeahidi yote mawili bila kusema nani atalipa tofauti ya bei ameahidi nusu ya jambo. Historia hii yatufundisha kuwa swali la nani aliitoa kazi lina majibu mengi, na kila utawala una fungu lake. Lakini swali la nani atagharimia kuirudisha bado halijajibiwa jukwaani.