Kubonyeza Si Kufunga: Historia ya Kufuli la Gari, Kutoka Hendeli Hadi Rimoti

Ukitoka Mgeta ukaingia barabara ya Iringa, Msamvu ndipo unapojua kwamba umerudi mjini. Mabasi ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa yanakutana pale, wapiga debe wanaita, bodaboda wamejipanga, na milima ya Uluguru inaonekana kwa nyuma. Siku moja, nikiwa bado nasoma shahada ya uzamili, niliegesha jirani na hapo Toyota IST ya shemeji yangu. Nilikuwa natoka milimani, wiki tatu za kupima udongo. Nikashuka kununua maji na chipsi, nikabonyeza rimoti huku naongea na simu, nikaondoka.

Dakika kumi na tano tu. Niliporudi kioo kilikuwa kizima, mlango haukuwa na mkwaruzo hata mmoja, alamu haikulia. Begi halikuwepo. Ndani yake kulikuwa na kompyuta mpakato na madaftari mawili ya vipimo ambavyo sikuwa nimevinakili popote.

Kituoni askari aliniuliza: "Dada, ulifunga mlango?"

"Ndiyo afande, nilibonyeza rimoti."

"Sijauliza kama ulibonyeza. Nimeuliza kama ulifunga."

Nilikasirika, nikaona ananikejeli. Kesho yake fundi wa funguo akaijaribu ile rimoti, ikafanya kazi bila tatizo lolote. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo nakuletea wewe msomaji leo: kati ya kidole changu na kufuli la mlango kuna nini hasa? Nilipoanza kusoma historia yake nikakuta jambo kubwa kuliko begi langu. Kila kufuli jipya la gari lilimzuia mwizi mahali fulani, na kila mara mwizi alisogea kwenda mahali pengine. Kwa hiyo kuna swali la pili: anasogea kwenda kwa nani?

Gari lisilo na ufunguo

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli, kile chuma cha kuchomeka mbele na kuzungusha injini kwa nguvu za mkono. Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, kwa sababu injini ikirudisha nguvu ghafla, hendeli ingeweza kukuvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye starta ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Ikawa nafuu kubwa kwa dereva, na kwa mwizi pia.

Ufunguo wa zama hizo haukuwasha gari. Kazi yake ilikuwa kukata au kuruhusu umeme tu, na starta ilikuwa na kitufe chake. Ule mtindo wetu wa kuchomeka ufunguo, kuzungusha na injini kuunguruma ulianza na magari ya Chrysler mwaka 1949. Lakini Marekani wizi ulikuwa umeshakuwa mkubwa siku nyingi. Mwaka 1919 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, maarufu kama Dyer Act, iliyofanya kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa la serikali kuu. Gari ni mali ya ajabu: mwizi hahitaji kulibeba, lenyewe ndilo linalombeba.

Udhaifu wa ufunguo wa 1949 ulikuwa wazi. Ukifika kwenye nyaya zilizo nyuma ya swichi na kuziunganisha, injini haijui tofauti, kwa sababu kwa injini umeme ni umeme.

Somo la usukani

Jibu lililofuata lilikuwa kufuli la usukani. Ukitoa ufunguo, pini ya chuma inajifunga na usukani haugeuki. Hata ukiwasha kwa nyaya, utaendesha moja kwa moja hadi ukutani.

Hapa historia ilitupatia jaribio zuri sana, ingawa hakuna aliyelipanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliagiza kufuli hilo liwekwe kwenye magari yote, mapya na ya zamani. Uingereza ikafanya nusu nusu: kuanzia 1971 ililidai kwa magari mapya tu. Mwaka 1976 watafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza walichapisha ulinganisho. Ujerumani wizi ulishuka na ukabaki chini. Uingereza magari mapya yalipona kweli, lakini wezi walihamia kwenye magari ya zamani.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ukikumbuka mahali unapoishi. Sisi ndio nchi ya magari ya zamani. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yetu mengi ni mitumba, na miaka hii hasa kutoka Japani. Gari linafika hapa likiwa limeshatumika miaka kumi au zaidi, na linakuja na kufuli la zama zake. Hatununui gari peke yake. Tunanunua pia udhaifu ambao wenzetu walishaujua.

Kitufe kinaingia

Mwaka 1982 Renault ilitoa gari aina ya Fuego lenye kifaa kidogo cha kufungua milango kwa mbali. Kilibuniwa na Paul Lipschutz, na Wafaransa wakakiita "plip" kwa kufuata jina lake. Kilitumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Baadaye watengenezaji walihamia mawimbi ya redio, ambayo hayahitaji kulengwa. Magari ya soko la Japani kwa kawaida hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na ya Ulaya megahezi 433.

Rimoti za mwanzo zilikuwa na kosa la kitoto: kila ukibonyeza zilituma namba ile ile. Ni sawa na kusimama sokoni na kutaja neno lako la siri kwa sauti kila siku. Mtu mwenye kinasa mawimbi angerekodi mara moja, akasubiri uondoke, akaicheza namba yako, na mlango ukafunguka.

Suluhisho mojawapo muhimu lilitoka Afrika. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza mfumo uitwao KeeLoq, ukitumia usimbaji uliobuniwa na Gideon Kuhn. Wazo lake ni hili: rimoti na gari vina siri moja ya pamoja, na kila kimoja kina kihesabio. Ukibonyeza, kihesabio kinasonga mbele na rimoti inatuma namba mpya iliyofichwa kwa ile siri. Gari linakubali namba ya mbele tu, na namba iliyokwisha kutumika linaikataa. Mtoto akichezea rimoti sebuleni hakuna shida, kwa kuwa gari linakubali hatua kadhaa za mbele. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani iliinunua teknolojia hiyo kwa takribani dola milioni 10, nayo ikaenea duniani.

Haikudumu bila doa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu wakati inafanya hesabu, siri ya mtengenezaji inaweza kuchomolewa. Baada ya hapo, kunasa jumbe mbili tu za rimoti kulitosha kutengeneza nakala yake.

Kelele inatosha

Sasa turudi kwenye begi langu. Kuna njia ambayo haihitaji hesabu wala chuo kikuu. Mtu anatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale wakati wewe unabonyeza. Gari linashindwa kusikia rimoti yako, kama vile mimi na wewe tusivyosikilizana pale stendi basi linapopiga honi. Mlango unabaki wazi na wewe unaondoka. Afrika Kusini wizi wa aina hii ni wa kawaida kwenye maegesho ya maduka makubwa, kiasi kwamba madereva wanaonywa kila mara.

Na si lazima awepo mwizi mwerevu. Betri dhaifu, umbali, au kifaa kingine cha redio kilicho karibu vinaweza kuleta matokeo hayo hayo. Chanzo ni kimoja: rimoti nyingi tulizonazo zinasema tu, hazisikii. Kitufe hakina njia ya kukuambia kama ujumbe umefika. Jibu linatoka kwenye gari lenyewe: mlio wa "klak" na indiketa kuwaka. Mimi siku ile nilikuwa nasikiliza simu. Askari alikuwa sahihi.

Magari yenye ufunguo wa kukaa mfukoni, unaosogea nao tu mlango ukakubali, yana udhaifu wa upande wa pili. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8. Walirefusha mawimbi kwa kupokezana, gari likadhani ufunguo uko jirani kumbe uko mbali. Yote 10 yalidanganyika. Ndiyo maana wenye magari hayo wanashauriwa kuhifadhi ufunguo ndani ya kopo la bati nyumbani. Usicheke, bati linazuia mawimbi kweli.

Chipu, kisha mtu

Kufuli lililofanya kazi kubwa zaidi halionekani kabisa. Ni imobilaiza: chipu ndogo ndani ya kichwa cha ufunguo, isiyohitaji betri, inayojibu swali la gari kabla injini haijaruhusiwa kuwaka. Umoja wa Ulaya uliifanya ya lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Watafiti wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walikuta kwamba wizi ulipungua kwa kiasi kikubwa, hata baada ya kuhesabu ule uliohamia kwenye magari yasiyo na chipu. Marekani haikuweka sharti hilo. Matokeo yake, kuanzia 2021 vijana walikuwa wakiiba magari ya Kia na Hyundai yasiyo na imobilaiza kwa kutumia kichwa cha waya wa USB.

Huku kwetu IST mbili zinazofanana sura, moja inaweza kuwa na chipu na nyingine haina. Muulize fundi wa funguo kabla ya kununua, kisha fikiria kuongeza swichi ya siri ya kukata mafuta au umeme. Ni wazo la zamani, na bado linasaidia.

Lakini angalia mwizi anakosogea. Injini ikikataa kuwaka bila ufunguo halisi, njia rahisi inayobaki ni kumfuata mwenye ufunguo. Utekaji wa magari ulioitesa Johannesburg na Nairobi miaka ya 1990 una sababu nyingi, na hii imo ndani yake. Sheria yetu inalijua hilo. Chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30.

Siku ile aliyenipeleka kituoni alikuwa kijana wa bodaboda. Njiani nililalamika sana, akanisikiliza, kisha akasema: "Pole dada yangu. Lakini wewe umechukuliwa begi. Sisi wanachukua pikipiki na roho."

Sikuwa na jibu. Pikipiki yake haina mlango wala rimoti, na ufunguo wake ni kipande cha chuma tu, teknolojia ya kabla sijazaliwa. Akaniambia kufuli lake ni nini: mnyororo kwenye gurudumu mchana, na usiku kukataa. Anakataa abiria wawili kwa pamoja, anakataa safari ya pori, na anayekwenda mbali anamtajia mwenzake kijiweni kabla ya kuondoka. Ukitaka kujua wizi uliosukumwa kutoka kwenye magari mazuri unaweza kutua wapi, mtazame yeye.

Ufanye nini leo

Ukishuka kwenye gari, simama. Bonyeza, sikiliza, angalia indiketa, kisha vuta kitasa kwa mkono wako. Sekunde tatu. Gari likigoma kufunga, usibonyeze mara kumi ukaondoka kwa matumaini. Funga kwa ufunguo wa chuma au hamisha gari. Badilisha betri ya rimoti kabla haijachoka kabisa. Begi usiliache kwenye kiti, na vipimo vyako vinakili mahali pawili. Mimi nilirudi Mgeta miezi miwili kuanza upya, na mvua zilikuwa zimeshabadilisha udongo.

Na ukipanda bodaboda usiku, taja jina lako na unakokwenda mbele ya wenzake pale kijiweni, hata kama hakukuuliza. Haikugharimu kitu, na kwa yeye ni sehemu ya kufuli lake.