Kuisha Muda kwa Cheti cha Mzizi cha DST Root CA X3, 2021: Chanzo cha Hitilafu na Utatuzi Wake

Tarehe 30 Septemba 2021, baadhi ya vifaa na programu za zamani zilikataa kufungua tovuti ambazo vyeti vyake vya usalama vilikuwa bado halali. Kukagua tarehe ya cheti cha tovuti na saa ya kifaa, hatua za kwanza za kawaida za utatuzi, hakukuonyesha kasoro yoyote. Insha hii inadai kwamba chanzo cha hitilafu hiyo kilikuwa cha kihistoria: namna imani ilivyorithishwa kutoka mamlaka moja ya vyeti hadi nyingine.

Kivinjari hukubali cheti cha tovuti endapo saini zake zinafuatana hadi kwenye cheti cha mzizi kinachoaminiwa na kifaa. Let's Encrypt, iliyoanza kutoa vyeti vya bure kwa umma mwaka 2015, haikuwa na mzizi uliotambuliwa na vifaa vilivyokwisha kusambaa. Hivyo ilitegemea saini ya IdenTrust, ambayo mzizi wake, DST Root CA X3, ulitolewa mwaka 2000 kwa muda wa miaka 21. Mzizi wa Let's Encrypt yenyewe, ISRG Root X1, ulitambuliwa na Android kuanzia toleo la 7.1.1 pekee, ilhali mwishoni mwa mwaka 2020 takriban theluthi moja ya vifaa vya Android vilikadiriwa kuwa na matoleo ya nyuma.

Ili vifaa hivyo visitengwe, IdenTrust iliutilia ISRG Root X1 saini yenye uhai hadi mwaka 2024, kwa kuwa Android haizingatii tarehe ya mwisho ya mzizi. Hata hivyo, OpenSSL 1.0.2 iliufuata msururu huo hadi kwenye mzizi uliokwisha muda na kuukataa, hata pale mzizi mpya ulipokuwapo. Dawa ya upande mmoja ikawa maradhi ya upande wa pili.

Utatuzi ulikuwa kuufuta mzizi wa zamani, kuuweka mpya pale ulipokosekana, au kusasisha programu. Kuzima ukaguzi wa vyeti kungeondoa onyo pamoja na kinga yenyewe. Kwa hiyo, muda wa kifaa kuaminika mtandaoni hautegemei uzima wake tu, bali pia nani anaendelea kukisasisha. Anapoacha, gharama humwangukia mwenye kifaa.