Nukta, Mkato na Kazi ya Msahihishaji

Twaeni sentensi hii: "Juma asema Ali ni mwizi." Hapa mwizi ni Ali. Sasa: "Juma, asema Ali, ni mwizi." Mara mwizi amekuwa Juma. Maneno ni yale yale, wala mpangilio wake haukubadilika; ila mikato miwili imemtia mtu mwingine hatiani.

Zamani za kale Wayunani waliandika herufi mfululizo, bila nafasi baina ya neno na neno, na msomaji alijitafutia mwenyewe pa kutua. Yapata miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, alikuwako mkuu wa nyumba ya vitabu ya Iskanderia, katika nchi ya Misri, jina lake Aristophanes wa Byzantium. Huyo alitia nukta chini, katikati au juu ya mstari, kwa kadiri ya urefu wa pumziko. Nukta ya juu ilikuwa ndiyo mwisho wa maneno.

Kipande kifupi cha maneno Wayunani walikiita komma, yaani kilichokatwa. Baadaye jina la kipande likawa jina la alama. Nasi twaiita mkato, kutoka katika kukata; maana ni ile ile. Nukta, nayo, ni neno tulilolipata kwa Waarabu.

Katika miaka ya 1490, mjini Venice, Italia, Aldus Manutius alipiga chapa vitabu vyenye alama mpya, nukta mkato. Lakini kosa la mkono hukaa katika kitabu kimoja. Kosa la chapa huenea katika mamia. Kwa hiyo mwaka 1608, huko Leipzig, Ujerumani, Hieronymus Hornschuch alitoa kitabu cha kuwafundisha wasahihishaji alama za kuandika ukingoni mwa ukurasa: hapa ondoa, hapa ongeza, hapa geuza.

Kazi hiyo si ndogo. Mwaka 1631, mjini London, Robert Barker na Martin Lucas walipiga chapa Biblia, na neno moja fupi la kukanusha likasahauliwa katika amri ya kukataza uzinifu. Basi amri ikawaagiza watu wazini! Wapiga chapa hao walitozwa faini ya pauni 300.

Basi mwandikapo barua, hasa ya deni au ya mpaka wa shamba, isomeni kwa sauti kabla ya kuifunga. Sauti inapotua, tieni alama; maana barua ikisha kwenda, hamtakuwapo kumweleza msomaji mlikusudia nini.