Vichaka vya Wafu

Ukitoka Mugumu ukapita Nata kuelekea Issenye, kiangazi kinakuonyesha nchi iliyochoka: mabua ya mahindi na mtama, malisho yaliyobaki vumbi, visiki vya migunga iliyogeuzwa mkaa. Halafu, katikati ya ukavu huo, kinatokea kichaka kimoja cha kijani, kimefungamana, kina mkuyu mkubwa ndani yake na ndege wanapiga kelele. Mgeni atadhani ni bahati, au kwamba chini yake kuna maji. Wakati mwingine ni maji kweli. Wakati mwingine ni mtu.

Ninasomea shahada ya uzamili ya historia. Nilipoanza utafiti wangu nilizoea kutafuta historia kwenye majalada ya mkoloni. Nikiwa Issenye nimeanza kuitafuta kwenye miti.

Lugha ya huku ina neno erisambwa, na wingi wake ni emisambwa. Kwa Kiswahili tunalitafsiri haraka haraka kuwa mzimu, na hapo nusu ya maana inaanguka njiani. Erisambwa ni roho inayoilinda nchi na watu wake, lakini pia ni mahali penyewe: chemchemi, jabali, kilima, kichaka, pengine kaburi la mtu aliyetukuka, mwenye mvua au mwanzilishi wa ukoo. Mahali hapo mti haukatwi, moto hauwashwi, na mnyama anayeonekana pale, awe chatu au kobe, haguswi, maana huenda ndiye mwenyewe. Waikoma na Wanata, majirani wa Waissenye, wanalo neno hilohilo na miiko inayofanana.

“Babu, nani aliweka sheria hiyo?” nilimuuliza mzee mmoja.

Akacheka. “Mjukuu wangu, sheria ni ya serikali. Huu ni mwiko. Sheria inataka askari.”

Mwiko unafanya kazi ambayo mtaalamu wa mimea angeielewa mara moja. Mikuyu ya eneo moja haizai yote kwa wakati mmoja. Mmoja ukimaliza, mwingine unaanza, kwa hiyo hata kiangazi kikali hakikosi matunda mahali fulani. Hondohondo, njiwa na popo wanakuja kula, na wanapoondoka wanaacha mbegu za miti mingine walikotoka. Kivuli kinatunza unyevu. Mtu mmoja anazikwa, watu wanaogopa kukata, na baada ya vizazi vinne una msitu mdogo ambao hakuna aliyeupanda.

Jambo hili si la Mara peke yake. Kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, misitu yenye makaburi ya wazee ndani yake, ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na wanasayansi huzithamini kwa mimea adimu iliyobaki humo. Kaskazini mwa Ethiopia, ukitazama kutoka angani, makanisa ya Kiorthodoksi yanaonekana kama madoa ya kijani katika bahari ya mashamba, kwa sababu msitu unaozunguka kanisa na makaburi yake haukukatwa. Hata Uingereza, viwanja vya makanisa ya zamani vina maua na nyasi ambazo mashamba ya jirani yalizipoteza kwa plau na mbolea. Kotekote waliokufa wametunza kile ambacho walio hai wangekilima.

Ila Issenye ina jambo lake, na ndilo linaloninyima usingizi. Makao makuu ya kumbukumbu za Waissenye hayako Issenye. Yako Nyeberekera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndiko wazee wanakosema watu wao waliishi hadi karne ya 19, kabla ya njaa na mashambulizi ya Wamaasai kuwatawanya kuelekea magharibi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler ameandika habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, akionyesha kwamba pale mtalii anapoona pori tupu, mzee anaona mahame, njia na makaburi. Mwaka 1951 hifadhi ilipoanzishwa, Nyeberekera ikawa upande wa pili wa mpaka. Tangu hapo, mtu anayekwenda kumwagia babu yake pombe bila kibali ni mvamizi.

Sasa linganisha. Ukipanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro utakuta kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege. Alikufa tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, ndege yake ilipogongana na tai mzoga. Baba yake, Bernhard, alifariki mwaka 1987 na majivu yake yakaletwa kulala pembeni ya mwanawe. Kaburi lina mnara wa mawe na maandishi, na magari ya watalii husimama hapo. Sina kinyongo na marehemu. Kijana alikufa akiifanya kazi aliyoipenda. Lakini chini, ndani ya kreta hiyohiyo, kuna mikuyu mikubwa ambayo Wadatoga huitaja kuwa alama ya kaburi la kiongozi wao aliyeuawa katika vita na Wamaasai karne ya 19. Mtalii hupiga picha tembo aliyesimama chini yake.

Watu huniuliza kama si heri basi, maana kule hifadhini angalau mti haukatwi. Ni kweli, haukatwi. Una askari, ila hauna tena mtu wa kusema ni wa nani. Upande wetu wa mpaka mambo ni kinyume: majina bado yapo, miti inakwisha. Familia zimeongezeka, shamba haliongezeki, na kijana asiyeogopa erisambwa haoni sababu ya kuacha mkuyu mzima usimame bure. Makaburi mapya ni ya saruji na vigae, na nyumbani kwetu hufagiliwa hadi jani la mwisho. Nyasi ikiota kando yake, ndugu huona aibu.

Kwa hiyo ninaandika orodha. Jina la aliyezikwa, ukoo wake, aina ya miti, ndege niliowaona, nani ananisimulia. Mpaka sasa nina vichaka kumi na kimoja. Viwili kati ya hivyo nimeonyeshwa visiki tu, na mzee alivitaja kwa majina kana kwamba bado vimesimama.