Nani ameshika hatamu?

Kiingereza hutumia kirai kimoja, "take over", kwa dereva anayempokea mwenzake usukani na kwa jeshi linaloiondoa serikali. Kiswahili humlazimisha msemaji aonyeshe upande wake. Chukua mfano wa jirani: kutoka kwetu Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, Burundi si mbali. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipomwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya, aliyesema "ametwaa madaraka" alikwisha kumshtaki. Aliyesema "ameshika" alimpa nusu ya uhalali. "Amekabidhiwa" lisingefaa kabisa, maana lazima awepo wa kukabidhi.

Kirai "kushika hatamu" nacho kina mambo yake. Mwaka 1975 Katiba ya Tanzania ilipotamka ukuu wa chama cha TANU, tuliambiwa chama kinashika hatamu. Hatamu ni kamba ya kuongozea farasi au ngamia; huku Buha, Kigoma, tunachunga ng'ombe, na fimbo inatosha. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza ni nani aliyefungwa hiyo kamba. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kaulimbiu ilififia, ila magazeti bado humshikisha hatamu kila kiongozi mpya, hata katibu wa timu ya mpira.